Je, Ni Lazima Tumwone? Kifaru wa West Nile na Thamani ya Mnyama Adimu

Katika West Nile kuna mahali panapoitwa Rhino Camp, yaani Kambi ya Vifaru. Wengi wa rika langu tuliosoma Arua na Koboko tulilisikia jina hilo kwanza redioni, likitajwa pamoja na wakimbizi wa Sudan Kusini, magari ya mashirika na foleni za chakula. Kwetu lilikuwa jina kama Oraba au Yumbe, halikuwa na mnyama ndani yake. Siku nilipong'amua maana yake nilimuuliza babu mzaa mama, aliyekulia upande ule wa Mto Nile, kama aliwahi kumwona kifaru. Alinijibu, "Mjukuu wangu, kumwona kwa nini? Tulijua yupo." Niliona kama amelikwepa swali langu. Sasa nadhani alilijibu, na insha hii ni jaribio la kulielewa jibu lake.

Swali ninalolishughulikia ni hili: je, thamani ya mnyama adimu inatokana na sisi kumwona? Na kama haitokani na hilo, inatoka wapi? Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu Mamlaka ya Wanyamapori Uganda imetangaza mpango wa kurudisha vifaru weupe katika hifadhi ya Ajai, kwenye wilaya ya Madi-Okollo, si mbali na Rhino Camp. Watakaowaona vifaru hao huenda wasiwe wale watakaoishi nao. Kwa hiyo kabla hawajazoeleka, inafaa tujiulize wanakuja kwa ajili ya macho ya nani.

Nianze mbali kidogo. Kila mwaka, katika majira ya baridi, watu husafiri kutoka Ulaya, Marekani na miji mikubwa ya India kwenda Ladakh, katika milima ya Himalaya, kumtafuta chui wa theluji. Huenda wakati ule wa baridi kali kwa sababu kondoo wa porini anaowawinda chui hushuka mabonde ya chini, naye huwafuata, na nyayo zake huonekana kwenye theluji. Wageni hulala mahali ambapo maji huganda kwenye chupa. Hukaa siku nzima nyuma ya darubini wakikagua mwamba mmoja baada ya mwingine, na wakibahatika humwona chui akiwa mbali sana, doa la kijivu juu ya jiwe la kijivu. Hesabu ya India iliyotangazwa mwaka 2024 ilitaja chui wa theluji 718 katika nchi nzima, na 477 kati yao wako Ladakh. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa fedha nyingi, akatetemeka juma zima, na kurudi kwao bila kumwona hata mmoja. Mwandishi Mmarekani Peter Matthiessen alikwenda Nepal mwaka 1973 pamoja na mtaalamu wa wanyama George Schaller. Alitembea miezi miwili milimani na hakumwona chui huyo, lakini akaandika kitabu kizima kilichobeba jina lake.

Mtu wa Koboko akisimuliwa habari hizi atacheka. Atauliza kwa nini mtu alipie baridi. Lakini asicheke haraka, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuwa Ladakh ya watu wengine.

Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Lydekker aliwaeleza wanasayansi wenzake kuhusu aina ya kifaru mweupe wa kaskazini, akitumia mabaki yaliyotoka eneo la Lado. Lado wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na sehemu yake ya kusini ndiyo iliyoingizwa Uganda mwaka 1914, nayo ndiyo West Nile tunayoijua. Habari za mnyama huyo zilienea. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi wa Nile pamoja na mwanawe Kermit. Walikuja kwa ajili ya kifaru mweupe, na kambi hiyo ndiyo inayotajwa kuwa asili ya jina la Rhino Camp. Baba aliua vifaru watano na mwana wanne, na mizoga ikatayarishwa kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Marekani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Roosevelt hakuwa mjinga wala mtu asiyejali. Katika kitabu alichoandika kuhusu safari ile alisema ingefaa kuwaua vifaru hao kupigwe marufuku mpaka idadi yao ichunguzwe. Alijua ni adimu. Uadimu huo ndio uliomtoa Nairobi mpaka Nile. Yaani sababu ya kumlinda na sababu ya kumpiga risasi zilikuwa sababu moja.

Huenda msomaji akasema kwamba mfano huu hauhusiani na watalii wa leo, kwa kuwa wao hubeba kamera, na kamera haiui. Nakubali. Tofauti kati ya bunduki na kamera ni tofauti kati ya uhai na kifo, na kwa kifaru hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Lakini nikitazama nia, naona kitu kinachofanana. Roosevelt alitaka watu wa Washington wamwone kifaru wa Lado. Mtalii anataka watu wake wamwone chui kwenye simu yake. Kila mmoja anataka kuondoka na kitu, na kitu hicho kina thamani kwa sababu wengine hawanacho. Chui wa theluji angekuwa mwingi kama mbuzi wa sokoni Arua, nani angevumilia baridi ile? Basi kinachopendwa hapo ni nini hasa: chui, au uchache wake?

Sisemi haya kwa kujitoa. Basi la kutoka Kampala kwenda Arua hupita Nakitoma, karibu na hifadhi ya vifaru ya Ziwa, na mwaka jana tulishuka pale, wanafunzi wanane. Ziwa ilianza kupokea vifaru weupe wa kusini mwaka 2005, wanne kutoka Kenya, kisha wawili kutoka Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009 akaitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Askari wa hifadhi alitutembeza kwa miguu mpaka tukamfikia jike na ndama wake. Nilipiga picha nyingi sana. Jioni mwenzangu aliniuliza kama ndama alikuwa ananyonya au anakula majani. Sikujua. Nilikuwa nimesimama mita chache kutoka kwa mnyama ambaye jina lake limekaa kwenye ramani ya kwetu, nami nilikuwa natazama kioo cha simu. Ikabidi nitafute jibu kwenye picha.

Sasa tuchunguze hoja yenyewe. Kama thamani ya mnyama ingekuwa katika kuonekana, basi mnyama anayeonekana zaidi angekuwa ndiye aliyetendewa haki zaidi. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1960 vifaru weupe wa kaskazini walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, wakiishi Uganda, Sudan, Kongo, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Miongo miwili na ushei baadaye, waliobaki porini walikuwa kundi dogo tu katika hifadhi ya Garamba, Kongo, ng'ambo ya mpaka wetu. Mmoja aliyekamatwa Sudan mwaka 1975 akiwa mdogo alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia, akaitwa Sudan. Aliishi huko zaidi ya miaka thelathini akitazamwa. Desemba 2009 yeye na wenzake watatu walirudishwa Afrika, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akiwa dume la mwisho. Walibaki bintiye Najin na mjukuu wake Fatu, wakilindwa na askari wenye silaha. Huenda hakuna vifaru waliopigwa picha duniani kama hawa. Tuliwatazama sana, na tuliwatazama zaidi walipokuwa wamekwisha.

Lakini haki inanitaka niseme na upande wa pili. Bila bustani ile ya wanyama, Sudan angekufa kwa risasi kama ndugu zake, na leo wataalamu wasingekuwa na mbegu wala mayai wanayotumia kujaribu kupata ndama kwa njia ya maabara. Na bila watalii, hifadhi nyingi zisingekuwa na fedha za kulipa askari. Kule Ladakh mfugaji aliyeliwa kondoo na mbuzi zake na chui wa theluji alikuwa na kila sababu ya kumuua. Mambo yalianza kubadilika pale familia za vijijini zilipoanza kuwalaza wageni majumbani mwao kwa malipo, na mazizi yalipofunikwa kwa wavu ili chui asiingie usiku. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo mgeni amekuja kwa tamaa ya macho yake tu, lakini mwenyeji amepona na chui amepona.

Basi mtu anaweza kuniambia: nia ya mtalii inakuhusu nini? Mradi fedha zinafika na mnyama anaishi, acha kila mtu apende anachopenda. Hoja hii ni nzito, na nimekaa nayo muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba inamfanya mnyama aishi kwa ridhaa ya soko. Siku macho yakichoka, au ugonjwa ukifunga viwanja vya ndege kama ilivyotokea mwaka 2020, sababu ya kumlinda inaondoka pamoja na ndege ya mwisho. Na wanyama wasio na sura ya kuvutia, au wanaojificha mno, hawana mteja. Fedha za mtazamaji zinaweza kuwa njia nzuri ya kulinda, lakini hazitoshi kuwa sababu ya kulinda.

Kuna pingamizi lingine, na hili linatoka nyumbani. Mjomba wangu anaishi si mbali na Ajai, analima muhogo na kufuga mbuzi. Nilipomweleza kwa furaha kwamba vifaru watarudi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, vifaru walipokwisha, sisi pia tulikuwa tunakwisha. Hakuna aliyekuja kutupiga picha." Alikuwa anazungumzia mwaka 1980. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita viliingia West Nile, na watu wetu walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Mjomba alibebwa mgongoni. Bunduki zilizotapakaa miaka ile ziliua watu na wanyama bila kubagua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na kifaru wa porini Uganda. Watu walirudi, ingawa si wote. Vifaru hawakurudi.

Je, ni halali kumlilia kifaru mahali ambapo binadamu hawakuliliwa vya kutosha? Kwa muda fulani nilidhani si halali. Nilidhani kila shilingi ya kifaru ni shilingi iliyoporwa kutoka kwa mtoto wa mkimbizi aliyeko Rhino Camp leo. Nimebadilisha mawazo kwa sababu moja. Waliomwangamiza kifaru na waliotufukuza makwetu hawakuwa na ubishi kuhusu nani ana thamani zaidi, mtu au mnyama. Kwao ardhi ile ilikuwa mahali pa kupita na kuchukua. Mwenye pembe alichukuliwa pembe, mwenye ng'ombe akachukuliwa ng'ombe. Anayekataa jambo hilo kwa mnyama hapunguzi nguvu ya kulikataa kwa mtu. Hata hivyo maneno ya mjomba yana haki yake: anayetaka kumrudisha kifaru Ajai bila kumuuliza mjomba mbuzi wake watalisha wapi, amekuja tena kwa mwendo uleule wa kupita na kuchukua.

Linabaki swali la tatu: hao wanaokusudiwa kuletwa ni vifaru gani? Ni wa kusini, jamaa wa wale wa kwetu, lakini si wao. Garamba imekwisha kufanya hivyo; mwaka 2023 vifaru 16 weupe wa kusini walipelekwa huko kutoka Afrika Kusini. Baadhi ya watu husema huku ni kujidanganya, kama kumwita mtu mwingine kwa jina la marehemu. Lakini sisi huwaita watoto majina ya marehemu. Hakuna anayemwangalia mtoto aliyepewa jina la bibi yake akadhani bibi amefufuka. Jina linampa mtoto nafasi katika ukoo na linawapa walio hai wajibu. Kosa lingekuwa kusema kwamba deni limelipwa, eti vifaru walikufa, vifaru wameletwa, hesabu imefungwa. Kifaru wa kusini akila nyasi za Ajai atafanya kazi ile ile aliyoifanya mwenzake: atafyeka nyasi kwa mdomo wake mpana, na wanyama wadogo watapata malisho mafupi. Hilo ni jema. Lakini kifaru wa kaskazini bado amekufa mikononi mwetu, na tusilifute hilo kwa sababu tumepata mwingine.

Nikikusanya haya yote, naona kwamba thamani ya mnyama haiko machoni petu, na wala sidhani kwamba iko ndani yake peke yake kama dhahabu ndani ya jiwe. Neno lililo karibu zaidi na ninachotaka kusema ni ujirani. Jirani si lazima umwone kila siku. Unajua yupo, na kujua huko kunabadilisha mwenendo wako: hupigi kelele usiku, huchomi shamba upepo ukielekea kwake, hufungi njia ya maji. Ukisafiri mwaka mzima usimwone, ujirani haujaisha. Na anayekuja mara moja kwa mwaka kumtazama jirani yako kupitia dirishani hajawa jirani, hata akilipa.

Kwa kipimo hiki naweza kuwatenganisha hata wale wa Ladakh. Mwulize mgeni: ungekuja kama ungejua hutamwona chui? Ungekuja kama kupiga picha kungekatazwa? Anayejibu ndiyo, kwa kuwa inamtosha kutembea katika nchi ya chui, kulala kwa mfugaji na kuacha malipo yake pale, huyo anaukaribia ujirani. Matthiessen alirudi mikono mitupu, na sidhani kwamba safari yake ilikuwa bure.

Na kwa kipimo hicho hicho nina la kusema kuhusu Ajai. Iwapo vifaru watafika, wa kwanza kuingia wawe watoto wa shule za Rhino Camp na vijiji vya jirani, wakimbizi na wenyeji pamoja, bila malipo, hata kama wageni wenye dola watasubiri. Fidia ya muhogo ulioliwa na malisho yaliyofungwa ijadiliwe na akina mjomba kabla ya uzio kujengwa. Sidai hivyo ili kuwafurahisha. Ni kwa sababu wao ndio watakaoamua, usiku ambapo hakuna mtalii wala kamera, kama kifaru ataishi.

Nilirudi kwa babu mwaka huu nikamuuliza tena, kwa namna nyingine. Sikumuuliza kama alimwona kifaru. Nilimuuliza walijuaje kwamba yupo. Akaniambia kwamba vifaru huacha mavi yao mahali pamoja, yakawa chungu kubwa. Watoto walipopelekwa kuteka maji au kutafuta kuni, waliyatazama mavi yale kwanza. Yakiwa makavu, walipita. Yakiwa mabichi, walizunguka kwa njia ndefu, wakachelewa, wakakemewa nyumbani, na mama zao wakisikia sababu waliacha kukemea. "Alikuwa na njia yake, nasi tulikuwa na yetu," babu alisema. Kisha akaniuliza kama kule Ziwa niliyaona mavi ya kifaru. Nilimwambia sikuyatazama.